Nyumba Tuliyoipanga kwa Magunzi

Nafula mama,

Ni Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Wewe umekwenda Bulumbi kumuaga senge, na ninavyomjua dada yangu yule, hatakuachia utoke kwake kabla hujala ukashiba, kwa hiyo nina muda. Nimekaa kwenye meza yako ya kuchorea na nimechukua kalamu yako bila ruhusa. Kifuniko chake nimeshakitafuna. Nisamehe hilo kwanza, halafu twende kwa makubwa.

Mambo ya shuka, sabuni, na usimkabidhi mtu mzigo wako ndani ya basi, senge atakuwa ameyamaliza yote leo. Mimi hayo siyawezi. Mama yako angeyaweza.

Naandika Kiswahili kwa sababu Kisamia nakijua kwa mdomo tu, na Kiingereza changu ukikiona utacheka mpaka Kampala. Halafu hii ndiyo lugha ya nyumba hii. Mimi Msamia, mama yako Mjopadhola wa kule Tororo. Tulipokutana pale sokoni mpakani hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, basi nikambembeleza kwa Kiswahili cha kununulia nyanya. Ulipozaliwa hatukuona sababu ya kubadilisha. Alipofariki ulikuwa na miaka tisa, tukabaki wawili wa kukisema humu ndani. Kuanzia kesho nitakuwa nakisema na kuku.

Usianze kulia kwa hilo. Mimi nimeshalia asubuhi, nyuma ya choo, ulipokuwa unafunga begi. Ulipouliza macho yana nini nikakudanganya kwamba ni vumbi la simenti. Simenti gani Jumamosi?

Sasa sikiliza. Kuna jambo nimekuficha mwaka mzima. Nikikuambia, huenda ukapanda basi kesho na usitake tena kuuona uso wangu. Nisipokuambia, kila likizo utakayorudi nitakuwa nakupokea mzigo getini huku nimekutazama pembeni. Nimechagua kukuambia. Lakini nipe nafasi nianze na kosa la kwanza, maana la pili lilitoka humo humo.

Unaikumbuka nyumba ya yule mwalimu mstaafu, ng'ambo, upande wa Kenya? Ulikuwa na miaka kumi na miwili, shule zimefungwa, sina pa kukuacha, nikaja nawe kazini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupewa kazi yenye ramani. Kabla ya hapo nilijenga kama tulivyojenga wote hapa mpakani: mwenye nyumba anatembea kwenye kiwanja, anasema sebule iwe hapa, chumba kiwe pale, wewe unapima kwa hatua, unavuta uzi, unachimba msingi. Mwalimu yeye alinipa karatasi. Akaniuliza, "Fundi, ramani unaielewa?" Na mafundi wangu wote, Opio mbele yao, wamesimama pale. Nikasema, "Naelewa sana."

Nilikuwa sielewi kitu, Nafula. Niliona mistari. Ile veranda niliitambua, imechorwa chini kabisa ya karatasi, na mimi nikajua veranda ya mtu yeyote mwenye akili inatazama barabara. Basi nikaigeuza karatasi, veranda ikaelekea barabarani, nikapiga vigingi. Pembeni kulikuwa na mshale mdogo. Nilidhani ni urembo wa mchoraji.

Ukaja wewe na kipande chako cha muwa. Ukaangalia karatasi, ukaangalia mbali kule mwamba wa Tororo ulipo, ukasema kwa sauti yako ile isiyojua kunong'ona, "Baba, huu mshale ni wa kaskazini. Mwalimu wetu wa shuleni alituonyesha. Kaskazini ni kule kwao mama. Karatasi imegeuzwa."

Opio akacheka. Wengine wakacheka. Damu ikanipanda kichwani, nikakufokea, "Nyamaza! Nani amekuuliza wewe? Nenda kakae kule!" Ukaenda ukakaa juu ya lundo la mchanga, umenipa mgongo, na ule muwa hukuumaliza.

Mwalimu alikuwa kwa mwanawe Eldoret. Aliporudi tulikuwa tumeshafika kwenye linta, juu ya madirisha. Alisimama katikati ya kiwanja, akavua kofia, akaizunguka nyumba mara moja, polepole. Akasema, "Fundi, mimi nilitaka kukaa barazani nitazame migomba yangu. Umenikalisha nitazame malori." Nami nikajibu bila hata kupepesa macho kwamba aliyechora ndiye aliyekosea. Ulikuwa pale pale, Nafula. Ulinitazama, kisha ukatazama chini. Mzee yule hakuwa mtu wa makelele. Aliikubali nyumba yake hivyo hivyo. Mpaka leo nikipita pale naona ameiziba ile veranda kwa mabati kwa sababu ya vumbi la malori, na yeye anakaa nyuma, mlangoni mwa jiko, kwenye kigoda.

Jioni ile ungeweza kuninunia. Mtoto mwingine angeninunia wiki nzima. Wewe ulichota magunzi kwenye gunia la kuwashia moto, ukaanza kuyapanga chini hapa uani. Nikauliza unafanya nini. Ukasema, "Najenga nyumba ya mwalimu. Njoo, baba, ingia, mlango uko hapa." Nikaingia, mtu mzima mimi, najikunja nisigonge kichwa kwenye mlango usiokuwepo. Ukanipeleka sebuleni, ukanipeleka chumbani, ukanionyesha kila gunzi na mstari wake kwenye karatasi. Hapo ndipo nilipoielewa ramani kwa mara ya kwanza maishani.

Tangu siku hiyo ndivyo tulivyofanya kazi. Ramani ikija, naikunja, naileta nyumbani, unaipanga kwa magunzi, natembea ndani yake mpaka naikariri. Kesho yake naenda kazini kifua mbele. Watu wa pande zote mbili za mpaka wakaanza kusema Wandera ni fundi wa ramani, mpe karatasi yoyote. Na mimi nilikubali sifa zile zote, sikuwahi kusema hata mara moja kwamba anayesoma ni binti yangu aliyevaa sare ya shule. Niliona haya. Aka! Niliona haya kusema ukweli, sikuona haya kusema uongo.

Haya. La pili.

Mwaka jana, wakati wa kuvuna mahindi, nilikuwa na ile kazi ya ghorofa ya kulala wageni. Unakumbuka jinsi ilivyotutesa. Magunzi hayapandi juu, ukachora kila sakafu kwa chaki kwenye ukuta wa jiko. Siku moja niko juu ya jukwaa, mwiko mkononi, simu ikaita. Mwanamke, sauti ya ofisini, ya upole. Akauliza kama anaongea na mzazi wa Nafula. Nikasema ndiye. Akasema umepata ile nafasi uliyoomba chuoni, usanifu wa majengo, na kwamba uthibitishe kufikia Ijumaa, la sivyo nafasi atapewa mwingine.

Nitakuambia kila kitu nilichofikiri, kwa sababu nimekuwa nacho kichwani mwaka mzima. Nilitazama chini nikaiona ramani ya ngazi imewekewa jiwe isipeperuke. Nikajiuliza nani ataisoma. Hilo ndilo lilikuja kwanza, sikufichi. La pili lilikuwa jioni. Niliona nafungua mlango wa nyumba hii, hakuna taa, hakuna mtu wa kusema "baba umerudi." Miaka mitano ya hivyo. Moyo ukaniambia huwezi.

Nikamwambia yule mama, "Ameghairi. Hataki tena."

Akasema, "Una hakika, mzee? Nafasi hii wenzake wanaililia." Nikasema nina hakika. Akasema haya, asante, na Mungu awabariki.

Nikaendelea kujenga. Safu ile ya matofali niliyoipanga baada ya simu ilikwenda mrama kabisa, kesho yake niliibomoa mwenyewe kabla ya Opio kufika.

Na wewe ukawa unangoja. Uliniuliza, "Baba, hawajapiga?" Nikasema hawajapiga. Wiki iliyofuata ukauliza tena. Nikasema labda mtandao. Mara ya mwisho tulikuwa tunakula obusuma, ugali wetu, na dagaa, taa iko katikati yetu, ukasema bila kuniangalia, "Labda sikutosha." Ukainuka ukaosha sahani. Penseli zako ukazitia kwenye kopo juu ya kabati, na kopo ukalisukuma mpaka ukutani.

Ningeweza kusema pale. Nilikuwa na kila neno mdomoni. Badala yake nikakuambia usijali, nitakujengea chumba chako upande wa mashariki, pale nilipoacha meno. Unajua mafundi tunavyofanya: ukuta ukiwa na mpango wa kuongezwa siku zijazo, unaacha matofali yamechomoza, moja nje moja ndani, ili chumba kipya kije kishikane nao. Meno yale niliyaacha mama yako alipokuwa hai, kwa ajili ya ndugu zako ambao hawakuja. Nikakupa hayo kama pipi ya kumnyamazishia mtoto. Na wewe, bambi, maskini, ukashusha kopo lako, ukakichora chumba. Dirisha kubwa upande wa kaskazini. Ukanipa karatasi ukasema, "Asante, baba."

Na unajua kinachoniuma kuliko vyote? Nilifurahi. Mwaka ule nilifurahi. Nilikuwa narudi nakuta chai. Ulikuwa unakuja kazini na ovaroli yangu ya zamani umeikunja miguu, unabishana na Opio kuhusu mchanganyiko, unanitania mbele ya watu eti fundi Wandera amezeeka, pima maji yake inalewa. Nilikuwa nacheka, halafu naingia chumbani nalala na jambo lile kifuani. Mtu anaweza kuwa na furaha na aibu ndani ya siku moja, kumbe.

Kisha mwaka huu ukaniletea fomu nisaini. Ulikuwa umeomba tena, hukuniambia. Nikatafuta mahali pa kusaini, nikaona pale pa namba ya simu ya mzazi umeandika namba ya senge. Kalamu ikanikwama. Wewe ulikuwa unatazama kalenda ukutani kana kwamba hujawahi kuiona. Ukasema, "Simu yako huwa haishiki huko juu ya jukwaa, baba."

Nikasaini.

Mama yangu, niambie. Ulijua? Kila usiku tangu siku ile najiuliza. Ulipiga simu chuoni wakakuambia? Au ulihisi tu, kwa namna nilivyokuwa nakwepa macho yako? Au ni kweli ulifikiria jukwaa tu, na mimi ndiye mwenye hatia ninayeona kila kitu kimenigeukia? Nimejaribu kukuuliza. Jumapili iliyopita tukitoka kanisani nilianza, "Nafula, kuna neno," ukasema, "Sema, baba," nikauliza kama tuna chumvi nyumbani.

Juzi nilianza na lililo jepesi. Niliwakusanya vijana wangu wa kazi, nikawaambia kwamba ramani zote hizi za miaka yote mimi sikuwa nasoma, alikuwa anasoma Nafula. Opio akaendelea kutafuna muhogo wake. Akasema, "Fundi, sisi tulijua. Kila siku watu nakuuliza leo, wewe najibu kesho. Wewe nafikiri sisi nalala?" Nikamuuliza mbona hamkusema. Akasema, "Kusema ya nini? Wewe ulitaka tusijue."

Tangu hapo sijatulia. Kama Opio alijua, wewe je?

Basi nimeshasema. Ni mimi niliyekunyang'anya mwaka. Hukukosa kutosha. Ulitosha tangu mara ya kwanza, wakakuita kwa jina, na mimi nikawajibu kwa niaba yako bila wewe kunituma. Sikuombi useme imekwisha. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie vizuri, usinikasirikie kwa upole wako ule wa kuosha vyombo.

Huko uendako najua watakufundisha mengi ambayo mimi sitayajua hata majina yake. Langu ni dogo tu. Siku mwalimu atakapouliza kama mmeelewa, na wenzako wote wametikisa kichwa, na wewe hujaelewa, sema hujaelewa. Neno "naelewa" limenila miaka, Nafula, na lilianza kama kitu kidogo tu cha kujikinga na kicheko cha watu.

Na siku utakapokuwa akitekti, ukaenda kiwanjani na kofia yako nyeupe, utamkuta mzee mmoja ameshika ramani yako kwa mikono miwili, anaitikia kila unachosema, "Ndiyo madamu, ndiyo madamu." Mtazame vizuri. Yule ni mimi. Usimuulize mbele ya vijana wake kama ameelewa, maana atakujibu ndiyo. Okota vijiti, au mawe, au chochote kilichopo, umpangie chini, umwambie aingie.

Saa hizi jua limeanza kuinama na nasikia pikipiki nyingi barabarani, kila moja nafikiri ni wewe. Nimepika dagaa wako na karanga. Nimetoa sahani mbili, na nikazitazama nikafikiria kesho jioni nitatoa ngapi. Nitazoea, watu huzoea. Lakini usije ukafikiri si kitu. Ni kitu kikubwa, na nyumba hii nitaiona kubwa kupita kiasi, mimi niliyeijenga.

Jambo la mwisho. Leo mchana, ulipoondoka tu, nilitoa kile kijikaratasi cha chumba chako. Nilimwaga magunzi uani. Hakuna aliyenisaidia, Opio alipita akataka kusogea, nikamfukuza. Niliigeuza karatasi mpaka mshale ukatazama mwamba wa Tororo, nikakipanga chumba chote, mlango, dirisha, mahali pa meza. Nikaingia ndani yake peke yangu, nikainama mlangoni. Halafu nikapiga vigingi vinne na nikavuta uzi kutoka kwenye yale meno ya ukuta wa mashariki. Ni ramani ya kwanza niliyoisoma mwenyewe. Sijui kama ni sawa. Na sikukipanga ili ubaki. Basi lako ni kesho, na nimeshamwambia wa boda aje saa moja.

Barua hii naiweka juu ya begi lako, uione ukiingia. Mimi nitakuwa kwa jirani mpaka uniite kula. Usiponiita nitajua, na nitakuja kulala kimya, na asubuhi nitakubebea begi hata kama hutasema nami.

Kesho uani kutajaa watu wa kukuaga. Senge atakuwepo, Opio na wenzake wote watakuwepo, na wale majirani wanaopenda kusikia mambo. Kabla hujapanda pikipiki, pita upande wa mashariki ukavitazame vile vigingi. Kama nimekosea, usininong'onezee. Simama pale pale, sema kwa sauti yako ile ya muwa, mbele yao wote, "Baba, karatasi imegeuzwa."

Nitaving'oa mbele yao, Nafula, na nitakuuliza viende wapi.

Ni mimi baba yako,
Wandera